Watoto wanatengeneza ngoma kwa lupu, nifanyeje zisiwe makelele?

Mwl_wa_Jioni
Wakuu habari za muda huu. Nina kikundi cha watoto hapa mtaani Morogoro, darasa la tatu mpaka la sita hivi, likizo wanakuja kwangu jioni tunacheza na muziki. Siwafundishi masomo, masomo yamewachosha na mimi yamenichosha. Vifaa ni laptopu ya zamani ya Windows, simu mbili za Android na spika moja ya blututhi, basi. Simu nimewekea BandLab, app ya kutengenezea muziki, kwa akaunti yangu mwenyewe maana wenyewe bado wadogo, wanachukua zile lupu zilizo tayari, yaani vipande vifupi vya sauti vinavyojirudia, wanazipanga.

Shida ya kwanza, kila mtoto zamu yake ikifika anataka aweke ZOTE. Drams, besi, gitaa, kinanda, tarumbeta, na yule dada anayeimba ooh ooh, vyote vinaanza pamoja vinaisha pamoja. Ukimwambia punguza anakuangalia kama umemnyang'anya andazi. Shida ya pili tulirekodi makofi yetu kwa simu tukataka yajirudie, ile sehemu ya kurudi mwanzo inaruka na kutoa kama "tk!", alafu yakienda kidogo yanaachana na biti kabisa. Tatu ni bando, kila pakiti ya sauti unadownlodi upya. Wenye uzoefu naombeni msaada, ila msinitajie GarageBand maana hiyo ni ya Apple na hapa hamna mwenye aifoni.

FundiBiti
Mwalimu hongera kwanza. Hiyo ya makofi kuachana na biti ni hesabu tu wala si uchawi. Weka tempo ya mradi 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, pigo moja linakuwa nusu sekunde, baa ya mapigo 4 ni sekunde 2 kamili, baa 4 ni sekunde 8. Sasa hapo watoto wapige makofi huku mmoja amevaa iyafoni anasikiliza metronomu ya 120, ile inayogonga mapigo sawasawa, na kuwahesabia, alafu wewe unakata sekunde 8 juu ya alama, sio 8.1 wala 7.9. Hiyo 0.1 mara ya kwanza huisikii, lupu ikijirudia mara 5 umeshapishana nusu sekunde, pigo zima hilo. Ukichagua tempo ya 100 nayo sawa ila baa inakuwa sekunde 2.4, na kwa mtoto wa darasa la tatu hesabu imeshakuwa chungu.

Ile "tk" ni kwamba umekata wimbi la sauti likiwa juu, mwisho na mwanzo haviungani. Laptopu yako weka Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti, ni bure na haihitaji intaneti ukishaiweka, chagua kipande chako bonyeza herufi Z inasogeza mkato mpaka pale wimbi linapopita sifuri. Na usihifadhi lupu kwa MP3, ile inaongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni, hata ukate vizuri vipi pengo utalisikia. Hifadhi WAV. Sekunde 8 za mono (chaneli moja) haifiki hata MB 1 kwahiyo usiogope. Angalia na simu inarekodi kwa aina gani, nyingi zinatoa m4a na Audacity haiifungui mpaka uiongezee kiprogramu cha FFmpeg, bora utafute rekoda inayotoa WAV moja kwa moja.

Na kuhusu bando achana na simu, weka LMMS, programu ya kupangia muziki, kwenye hiyo laptopu. Bure, inakuja na sampo zake za drams, inafanya kazi bila mtandao. Yenyewe hairekodi sauti, kwahiyo unarekodi Audacity alafu unaburuta WAV yako ndani ya LMMS.

Mama_Kishindo
Baba ameeleza ya mashine mi naeleza ya watoto, maana nafundisha chekechea na kwaya ya watoto na hiyo ya "nataka zote" naijua vizuri sana.

Kabla hawajashika simu wasimamishe mstari. Wa kwanza anapiga kifua dum, wa pili makofi, wa tatu anasema "chiki chiki", wa nne anaimba kipande kifupi hichohicho bila kubadilisha. Hao ndio lupu zako. Alafu mtoto mmoja anakuwa mkubwa wao, akimgusa mtu bega anaanza, akimgusa tena ananyamaza. Wote wakipiga pamoja muda mrefu utaona wenyewe wanachoka na wanaanza kucheka, na yule mkubwa akiwanyamazisha wote akabakiza kifua peke yake, mh, utaona sura zao! Pale ndio wanaelewa kunyamaza nako ni sehemu ya wimbo, na hujatoa hata neno moja la mahubiri. Ukirudi kwenye simu unawaambia tu "nani tumguse sasa".

Sheria yangu nyingine, sauti nne tu mezani na mtoto ndiye anachagua nne zake. Anayetaka ya tano atoe moja. Wanagombana kidogo kuhusu tarumbeta ila wanazoea.

mzee wa bendi
Samahanini mimi nitapinga kidogo. Mtoto anaburuta kisanduku cha sauti iliyopigwa na mtu mwingine huko Ulaya alafu tunamwambia ametengeneza muziki? Sisi tulikaa na gitaa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mpeni mtoto ngoma, mpeni filimbi. Hizi lupu zinamfundisha kuchagua, hazimfundishi kupiga.

FundiBiti
Mzee wangu shikamoo, hoja yako naiheshimu ila singeli unayoisikia kila kona imezaliwa humohumo kwenye lupu. Vijana wa uswahilini Dar, Tandale na Manzese, walichukua vipande vya muziki wa taarab wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, MC anachana juu yake. Hawakuwa na bendi wala gitaa. Sasaivi wanaalikwa kupiga Ulaya hukohuko.

Ila kwenye kitu kimoja nipo na wewe, lupu za dukani peke yake zinachosha, kila ngoma inafanana. Ndo maana nimemwambia Mwalimu akomae na zile za makofi.

mzee wa bendi
Marahaba. Sawa nimekuelewa, lakini hao wa taarab waliochukuliwa vipande vyao walilipwa?

FundiBiti
Hahaha mzee umenishika. Hapo sidhani kama wengi walilipwa. Kwa watoto wa Mwalimu hamna tatizo, lupu za BandLab zimeruhusiwa kutumika bila malipo na makofi ni yao. Asiwaruhusu tu wakate wimbo wa msanii alafu wauweke mtandaoni kama wao.

Bint_Mvita
Hamjambo wa huko, mimi niko Mombasa. Naona nyote mwahesabu nne nne tu, je chakacha? Chakacha, ngoma yetu ya pwani, ni sita nane, yaani mdundo wenda tatu tatu, ukiweka lupu za kawaida juu yake haikai hata uifanyeje, na watoto wa pwani ndiyo wanayoisikia harusini. Mimi natumia Song Maker ya Chrome Music Lab, inafunguka kwenye browza bila akaunti wala jina la mtoto, ukurasa wenyewe mwepesi. Ni visanduku vya rangi, mtoto anagusa sauti inatoka. Ukiingia kwenye mipangilio kuna sehemu ya kugawa kila pigo, huwa iko 2, wewe weka 3, papo hapo mdundo unaanza kuyumba kiunoni wenyewe. Pia pale pale chagua skeli ya pentatoniki, ina noti tano tu, mtoto akigusa popote haitoki mbaya sana. Wale wadogo wa darasa la tatu wataipenda hiyo kuliko BandLab, wale wakubwa wataiona ya kitoto. Mkimaliza unahifadhi kwa linki au unatoa WAV, kisha yaingia huko kwenye LMMS ya kaka.

Mwl_wa_Jioni
Nimewasoma wote asanteni sana. Mama Kishindo ile ya kugusana mabega tumeifanya jana jioni, majirani walitoka nje kuangalia kuna nini, na kweli yule wa "weka zote" ndiye alikuwa mkali kuliko wote kunyamazisha wenzake. Audacity na LMMS nimeshaweka, laptopu inalalamika feni ila inaenda.

Mawili bado. Tukiwasha biti kwenye spika ya blututhi alafu mtoto akaimba tunarekodi, sauti yake inakuja nyuma ya biti kila mara hata kama ameimba sawasawa. La pili, wameng'ang'ania watumie sauti ya mashine ya kusaga ya hapa jirani kama besi, hiyo inawezekana kweli?

FundiBiti
La kwanza ni blututhi yenyewe, sauti inachelewa kufika kwenye spika kwahiyo mtoto anafuata biti iliyochelewa. Tumia iyafoni za waya wakati wa kurekodi, spika ibaki ya kusikilizia tu. Na spika ikiwa wazi biti nayo inaingia kwenye maiki, hutaweza kuitoa.

Mashine ya kusaga inawezekana sana, tena wana masikio hao. Usisimame mlangoni maana sauti itapasuka, kaa mbali kidogo mpaka ile alama ya ukubwa wa sauti kwenye Audacity isiguse mwisho, rekodi nusu dakika ikiwa inasaga sawasawa. Alafu nenda Effect, ile ya Change Pitch, ishushe nusu-toni 12 (semitones) yaani oktavu moja. Uiweke chini ya yale makofi alafu utupie hapa tusikie.

mzee wa bendi
Hiyo ya mashine hata mimi naisubiri. Mwalimu, Morogoro sehemu gani? Nina gitaa la zamani halina nyuzi mbili, nikipata mtu anakuja huko nakutumia.