Udaktari wa miaka minane Marekani: binti anachagua masomo ya DP, fomu inarudi mwisho wa mwezi

mama_njiro

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa shikamooni. Binti yangu anamaliza IGCSE (ile ya kimataifa, sawa na kidato cha nne) hapa Arusha, Agosti anaanza DP ya IB, yaani diploma ya kimataifa ya miaka miwili iliyo sawa na kidato cha tano na sita. Anataka udaktari, na moyo wake uko kwenye zile programu za Marekani ambazo mtoto akitoka sekondari anachaguliwa mara moja, digrii ya kwanza na shule ya udaktari kwa pamoja. Anayoitaja kila siku ni ile ya Brown.

Fomu ya masomo sita ameijaza hivi: ngazi ya juu ni Baiolojia, Kemia na Saikolojia. Ngazi ya kawaida ni Kiingereza, Kiswahili na Hisabati. Fizikia ameiacha, anasema Wamarekani hawaidai.

Naomba kujua: uchaguzi huo unatosha? Hospitali anatakiwa akafanye nini, na kwa muda gani? Na akikosa huko, anaweza kuomba MD, digrii ya udaktari ya hapa nchini, pale KCMC Moshi bila kupoteza mwaka? Baba yake ana uwezo wa kulipa sehemu ya ada, si yote.

---

mshauri_sakina

Marahaba mama. Fomu hiyo usiirudishe kwanza. Shida yake ipo kwenye Fizikia, na kuna mwalimu humu atakueleza upande wa Tanzania vizuri kuliko mimi. Mimi nikae kwenye Marekani.

Programu ya Brown inaitwa PLME. Ni miaka minane: minne ya digrii ya kwanza, minne ya udaktari katika Warren Alpert Medical School, hapo hapo Providence. Mwanafunzi wa PLME hafanyi MCAT, ule mtihani wa kuingia shule za udaktari, na anaruhusiwa kusoma fani yoyote kwenye digrii ya kwanza ilimradi atimize masharti ya sayansi. Anayetoka nje ya Marekani anaruhusiwa kuomba. Hilo si la kawaida, kwa sababu programu nyingi za aina hii, hasa za vyuo vya majimbo, zinapokea raia na wakazi wa kudumu tu. Jambo la kwanza la kusoma kwenye tovuti ya programu yoyote ni kipengele cha uraia, kabla hata ya alama. Watoto wengi huandaa orodha ya programu kumi, wakishachuja uraia wanabaki na mbili.

Sasa ukweli wa ushindani: katika kila waombaji 100 wa PLME, wanaochukuliwa hawafiki 5. Wengi wa wanaokataliwa wana alama kamili au karibu na kamili. Kwa hiyo iombwe, lakini isiwe ndiyo mpango. Mpango uwe ni udaktari, na PLME iwe mlango mmojawapo.

Maombi yanapitia Common App, fomu ya pamoja ya mtandaoni ya vyuo vya Marekani, inayofunguliwa tarehe 1 Agosti. Kuna insha kuu isiyozidi maneno 650, insha za Brown, halafu insha za ziada za PLME zenyewe. Kuna nafasi kumi za shughuli, na maelezo ya kila moja yana herufi 150 tu pamoja na nafasi wazi, kwa hiyo "nilijitolea hospitali na kujifunza mengi" ni herufi zilizotupwa. Aandike idara, kazi na kiasi. Barua za mapendekezo zinatoka kwa mshauri wa shule na walimu wawili. Mmoja awe wa sayansi aliyemfundisha DP, na aombwe kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa sababu Oktoba walimu wanakuwa na barua nyingi na wanaanza kunakili. Brown imerudisha SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, kuwa lazima. SAT sasa inafanywa kwenye kompyuta, jumla ni 1600, na vituo hapa nchini ni vichache. Ajiandikishe mapema, afanye ya kwanza mwaka wa kwanza wa DP ili abaki na nafasi ya kurudia.

Kuna maombi ya awali, tarehe 1 Novemba, na ya kawaida, mwanzoni mwa Januari. Ya awali yanamfunga. Wengi hawalisomi hili: akiomba PLME kwa njia ya awali, Brown ikamkubali chuoni lakini ikamkatalia PLME, bado anatarajiwa kwenda Brown. Hapo atasoma digrii ya kawaida, kisha aombe shule ya udaktari na MCAT kama wengine wote, na huko mwanafunzi wa kigeni anakutana na milango michache zaidi. Kaeni naye mjibu swali hilo kabla ya Novemba, si baada ya barua kuja.

Insha ndiyo inayowaangusha wenye alama nzuri. Insha inayoanza na bibi aliyeugua ikaishia "nikaamua kuwa daktari" wameisoma mara elfu. PLME wanataka kujua mambo mawili: kwa nini mtoto wa miaka 17 ana uhakika na udaktari sasa, na hiyo miaka minne ya uhuru ataitumia kusoma nini ambacho asingethubutu kama angekuwa anakimbizana na MCAT. Sasa hilo la pili linahitaji jibu mahsusi. Kama anapenda Saikolojia kweli, jibu lake lipo humo.

---

dkt_rau

Nijibu la hospitali.

Kwanza, aende kwa barua ya shule, asiende kwa kujuana. Hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Mount Meru au Mawenzi, barua inaelekezwa kwa Mganga Mfawidhi. Itaje jina la mwanafunzi, umri, tarehe anazoomba, idara anazotaka kuona, na mwalimu anayemsimamia. Akiwa chini ya miaka 18 iambatane na kibali cha mzazi. Hospitali za makanisa kama Selian, Nkoaranga, Machame na Kibosho nazo zinafaa sana, kwa sababu timu ni ndogo na mtu wa kumwelekeza anapatikana kirahisi.

Cha kufanya: kukaa pembeni daktari anapoona wagonjwa, baada ya mgonjwa mwenyewe kuulizwa na kukubali. Kuelekeza wagonjwa mapokezi, kusaidia kupanga mafaili, kuwa kwenye kliniki ya mama na mtoto siku ya chanjo, kuona maabara inavyopokea sampuli na kwa nini nyingine zinarudishwa. Huko kwenye foleni na mafaili ndiko atakakoelewa hospitali, kuliko kusimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Asichokifanya: kudunga sindano, kushona kidonda, kutoa damu, kumzalisha mtu. Kuna vijana wanaruhusiwa kufanya hivyo na muuguzi mwenye huruma, halafu wanaliandika kwenye maombi kama sifa. Wasomaji wa Marekani wanaliona kama kosa la maadili, mtu asiye na mafunzo kumgusa mgonjwa ambaye hakuwa na namna ya kukataa, na wako sahihi. Vivyo hivyo picha: hakuna picha ya mgonjwa, hata akiwa amegeuka.

Kuhusu muda, nusu siku kila Jumamosi kwa mwaka mzima ina uzito kuliko wiki mbili za likizo mfululizo. Mwaka mzima anaona mgonjwa wa kisukari akirudi, sukari ikiwa imepanda tena kwa sababu dawa ziliisha katikati ya mwezi. Wiki mbili haonyeshwi hilo. Awe na daftari: tarehe, idara, msimamizi, alichokiona, swali lililobaki. Majina ya wagonjwa yasiingie humo kabisa. Daftari hilo ndilo litakalompa insha, kwa sababu miezi kumi na minane baadaye hatakumbuka maelezo madogo, na insha bila maelezo madogo haina nguvu.

Na mpeni nafasi ya kubadili mawazo. Akitoka wodini akasema hapana, hiyo pia ni taarifa nzuri kabla ya kujifunga miaka minane.

---

mwl_pcb_moshi

Mama Njiro, kwa masomo hayo aliyojaza, mlango wa MD Tanzania amejifungia mwenyewe.

MD hapa ni miaka mitano moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Yaani huo muungano wanaougombania Marekani, kwetu ndiyo njia ya kawaida, na wala haihitaji miaka minane. KCMC, MUHAS, Bugando, UDOM na vingine vyote vinafuata mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu: ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, masomo yote matatu, jumla isiyopungua pointi 6 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1). Pointi 6 ni ruhusa ya kuomba tu. Kwenye vyuo vyenye foleni ndefu wanapangwa kuanzia juu, na mwenye 6 hafikiwi. Saikolojia hata akipata 7, alama ya juu kabisa ya IB, haizibi pengo la Fizikia.

Ugumu upo kwenye muundo wa IB. Masomo sita yanatoka kwenye makundi, na Baiolojia pamoja na Kemia tayari zimetumia kundi la sayansi na ile nafasi ya sita. Akitaka sayansi tatu, lazima aache somo la kundi la jamii, yaani hiyo Saikolojia, na hapo shule inaomba IB ruhusa ya diploma isiyo ya mpangilio wa kawaida, kwa sababu kwamba sharti la chuo kikuu linadai hivyo. Ombi linafanywa na mratibu wa DP, mapema, likiwa na ukurasa wa sharti la chuo umeambatishwa. Nendeni kwake na mwongozo wa TCU uliochapishwa, mstari wa MD umepigiwa alama.

Fizikia, Kemia na Baiolojia zote ziwe ngazi ya juu. Ni mzigo, sikufichi. Lakini sharti la TCU limeandikwa kwa kiwango cha kidato cha sita, na somo la ngazi ya kawaida likija kubishaniwa Julai hakuna muda wa kulitetea.

Jingine: matokeo ya nje yanahitaji ulinganifu wa NECTA, yaani baraza la mitihani liyalinganishe na alama za hapa. Ya IGCSE ashughulikie mara tu cheti kinapotoka, asisubiri amalize DP. Matokeo ya IB yanatoka mwanzoni mwa Julai, dirisha la kwanza la maombi linafunguliwa mwezi huo huo, na mwenye ulinganifu wa IGCSE mkononi amebakiza hatua moja tu, ulinganifu wa IB. Hapo hapotezi mwaka. Maombi yanatumwa moja kwa moja kwa kila chuo. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Kila mwaka kuna watoto wenye alama nzuri wanaokosa kwa sababu namba waliyojaza ni ya laini ya mjomba iliyozimwa.

Nyongeza tu: kuna mlango wa stashahada ya tabibu, GPA kuanzia 3.0, pamoja na D au zaidi kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Kwa binti huyu ni mzunguko mrefu, usiwe wa kwanza.

---

mzazi_kibosho

Kuhusu ada, ongeeni wazi nyumbani sasa hivi.

Gharama ya mwaka mmoja Brown, masomo na kuishi, inapita dola 90,000. Kuanzia walioingia 2025 Brown haiangalii uwezo wa kifedha inapomchagua mwanafunzi wa kigeni, na aliyechaguliwa anasaidiwa kulingana na uhitaji. Lakini sharti ni kuomba msaada pamoja na maombi yenyewe, kupitia CSS Profile, fomu ya mtandaoni inayoeleza hali ya kifedha ya familia. Kuna wazazi wanaoogopa kwamba kuomba msaada kutamwangusha mtoto, wanaacha, halafu mwaka wa pili wanakuta mlango umefungwa kwa wageni ambao hawakuomba mwanzoni. Baba aandae barua ya mwajiri, au hesabu za biashara zilizokaguliwa, na taarifa za benki, zote kwa Kiingereza.

Pamoja na hayo, msaada huo ni wa miaka minne ya kwanza. Miaka minne ya udaktari ni hesabu nyingine. Mikopo ya serikali ya Marekani haitolewi kwa mgeni, na shule nyingi za udaktari humtaka mwanafunzi wa kigeni aweke ada ya mwaka mzima au zaidi kwenye akaunti maalumu kabla ya kuanza. Waandikieni ofisi ya fedha ya shule ya udaktari yenyewe, si ya chuo, muulize swali hilo kwa maandishi.

Kwa MD ya hapa, bodi ya mikopo HESLB inapokea maombi, na tangu 2022 kuna Samia Scholarship kwa waliofaulu sana sayansi.

---

mama_njiro

Ahsanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Nimempigia mratibu, amesema ratiba yao haina nafasi ya Fizikia pamoja na Baiolojia, vipindi vinagongana. Nifanyeje?

---

mwl_pcb_moshi

Muulize mambo mawili, kwa mpangilio huu. Kwanza, wangapi wengine wameomba sayansi tatu? Vipindi vinapangwa kufuata fomu zilizorudi, na fomu bado hazijarudi zote. Wazazi watatu wakiandika wiki hii, ratiba huwa inafunguka. Pili, kama haiwezekani kabisa, je, shule itamruhusu afanye Fizikia ya A-level ya Cambridge kama mtahiniwa binafsi huku akiendelea na DP? Ni zaidi ya mwaka wa kusoma jioni, na somo lina majaribio ya maabara, kwa hiyo kituo kitakachomsajili lazima kiwe na maabara na kikubali watahiniwa wa nje. Pia matokeo ya Cambridge ya Juni yanatoka katikati ya Agosti, nyuma ya IB, kwa hiyo bora mtihani wa mwisho aufanye Novemba ya mwaka wa pili wa DP.

Yote mawili yakishindikana, kuna shule za PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) za mtaala wa NECTA hapa Kilimanjaro na Arusha zinazopokea kidato cha tano, na Wamarekani wanazijua alama za NECTA. Kabla ya kuhama hakikisheni ulinganifu wa IGCSE umetoka.

---

mshauri_sakina

Naunga mkono. Akipata sayansi tatu, mshauri wa shule aeleze kwenye barua yake kwa nini somo la jamii limeachwa, sentensi mbili tu, ili msomaji wa Brown asidhani amelikimbia. Na Saikolojia aendelee kuisoma kwa kujisomea, maana insha ya PLME bado inaihitaji.