Kama hukumu lazima iwe na sababu, kwanini matokeo ya usaili wa uhakimu ni orodha ya majina tu?

Wakuu habari za muda huu,

Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia nikirukaruka, na mods msiufunge uzi maana sijamtukana mtu wala ofisi sitaitaja. Orodha ya walioitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana kwa nafasi za uhakimu imetoka na jina langu halimo. Sawa, halimo, mimi sio wa kwanza kukosa kazi nchi hii na sitakuwa wa mwisho. Kinachonichoma ni kwamba hakuna maksi. Hakuna alama ya kupita ilikuwa ngapi, hakuna namba ya mtahiniwa na alichopata, hakuna chochote. PDF limejaa majina mwanzo mwisho halafu chini wametuandikia kwamba ambao hawajaona majina yao wajue hawakufanikiwa na wasisite kuomba tena nafasi zikitangazwa. Niombe tena nirekebishe nini sasa? Sijui nilianguka kwa maksi moja au arobaini, sijui nilifeli maswali ya sheria ya ushahidi au nilifeli mwandiko.

Kwa msio wa fani, mjue hii safari inavyokwenda. Shahada ya sheria ni miaka mitatu au minne inategemea na chuo. Zamani ukitoka hapo ulikuwa unaenda kukaa ofisini kwa watu unajifunza kazi halafu unahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Ikaja sheria ya 2007, Law School, yaani shule ya sheria kwa vitendo ya hapa Tanzania, ikaanza kupokea watu 2008, na sasa hivi ukitaka uwakili au uhakimu unapita kwanza hapo shuleni, barabara ya Sam Nujoma, Dar. Na matokeo yao ya 2022 wote mnayakumbuka maana hata wasiojua sheria ni nini walikuwa wanatusema kwenye daladala: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sup (wa kurudia mitihani) 342, waliodisco (walioondolewa masomoni) 265. Waziri wa wakati ule Ndumbaro akaunda kamati ya Dk Mwakyembe kuchunguza, mjadala ukawa mkubwa, vyuo vikalaumiwa, walimu wakalaumiwa, na sisi tukabaki na jina la vilaza. Haya, mimi nimetoka kwenye shule hiyohiyo na sikudisco. Ada, chumba cha Sinza, fotokopi za kesi zisizoisha, suti nyeusi, vyote vimetoka kwa mjomba wangu ambaye mpaka leo akipiga simu anaanza na "shikamoo mheshimiwa" kwa utani, mimi ndio wa kumwamkia lakini yeye ndio ananiamkia, halafu anauliza lini naapishwa. Jana sikupokea.

Sasa usaili wenyewe. Mnaitwa Dodoma watu kibao kwa nafasi chache, kila mtu kwa nauli yake, wengine wametoka Kigoma, wengine Mtwara, gesti zote karibu na eneo zimepanda bei maana wenye gesti nao wanasoma matangazo ya ajira kutuzidi sisi. Asubuhi foleni ya kukagua vyeti halisi. Dada mmoja mbele yangu cheti cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na cha form four, akaambiwa hana kiapo cha majina arudi nyumbani, na nyumbani kwao ni Bukoba wakuu. Alikaa pale kwenye ngazi hajui aende wapi. Tukaingia ndani, pepa likagawiwa, na wasimamizi wakatuonya kwa ukali kabisa kwamba ole wake atakayeandika jina, andikeni namba tu.

Hapo ndipo naomba mnisaidie kufikiri. Kama tuliandika namba tu ili msahihishaji asijue nani ni nani, maana yake mahali fulani kuna jedwali lenye namba huku na maksi kule, maana bila hilo jedwali mngepataje hayo majina mliyoyatoa? Jedwali lipo. Limeshachapwa. Kazi ya kuliweka kwenye PDF ni dakika mbili. Hamjaliweka kwa sababu hamtaki kuliweka, na hiyo ndio sababu pekee ninayoiona.

Na msiniambie haiwezekani. Nilishaomba uofisa sheria kwa mwajiri mwingine wa umma, huko nako nilikula za uso, lakini matokeo yao yalitoka na namba ya mtahiniwa, alama, na neno la kupita au kutopita pembeni. Nikaona nimepitwa kwa kiasi gani, nikanuna siku hiyo, kesho yake nikarudi kusoma. Sijawahi kuwalalamikia popote. Mtu ukimwonyesha maksi zake anakosa cha kubisha.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni aina ya kazi yenyewe tunayoiomba. Hakimu ukikaa kwenye kiti huruhusiwi kusema "mshtakiwa umepatikana na hatia, usisite kujaribu tena". Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakutaka uandike hoja zinazobishaniwa, uamuzi wako, na sababu za uamuzi huo, usipofanya hivyo mahakama ya juu inakurarua mbele ya watu. Mtu anapewa nakala ya hukumu, anaambiwa haki ya rufaa ipo wazi, hata kama kesi yake ni ya kuiba kuku wawili. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba tuliikariri mwaka wa kwanza, na haisemi mahakama peke yake, inasema mahakama au chombo kingine kinachoamua haki za mtu, kwamba asikilizwe na awe na njia ya rufani au nafuu nyingine. Kwenye pepa lenyewe kulikuwa na swali la misingi ya haki ya asili! Nimejibu kurasa mbili nzima kwamba mtu lazima ajue sababu za uamuzi unaomgusa, halafu jibu langu limeamuliwa bila mimi kuambiwa sababu. Swali jingine lilikuwa la dhamana kwenye unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo hata boda aliyewahi kulala mahabusu anakujibu bila kufungua kitabu, kwahiyo msinidanganye kwamba pepa lilikuwa gumu sana nikashindwa hata kujua nimeandika nini.

Niwape mfano wa India, maana wenzetu huko wameumia zaidi yetu lakini wamejifunza kudai. Kule kila jimbo lina mtihani wake wa kuingia kwenye mahakama za chini, hatua tatu, kwanza mchujo wa maswali ya kuchagua, halafu mitihani mirefu ya kuandika, halafu mahojiano. Watu wanasoma miaka, kuna vituo vya tuisheni vya kazi hiyo tu. Uttar Pradesh kwenye mtihani wa 2022, kijana mmoja alikosa, akatumia sheria yao ya haki ya taarifa ya 2005 kuomba aone karatasi zake za majibu. Kuja kuangalia karatasi ya Kiingereza, mwandiko sio wake! Akaenda Mahakama Kuu ya Allahabad, na mwaka 2024 tume iliyosimamia mtihani ikakiri kwamba namba za siri za watahiniwa 50 zilibadilishana. Hamsini wakuu. Maafisa wakasimamishwa kazi, matokeo yakapitiwa upya. Angekubali ile habari ya "usisite kuomba tena" mpaka leo watu wangekuwa wamekalia viti kwa maksi za wenzao, na hakuna ambaye angejua, hata hao waliokalia.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia India ndio kwenye uozo. Kweli, jimbo la Haryana mtihani wa mchujo wa 2017 ulivuja ukafutwa, na aliyekuwa msajili wa uajiri kwenye Mahakama Kuu yao akaja kutiwa hatiani 2024. Lakini ona, ilijulikana. Kuna mtahiniwa alilalamika, kukawa na karatasi za kufuatilia, na mtu mzito akafikishwa kizimbani. Sisi hapa hatujui kama tuna uozo au hatuna, na huwezi kujua, kwa sababu hakuna pa kuchungulia.

Kenya nao tangu 2011, baada ya katiba yao mpya, majaji wanahojiwa hadharani mpaka kwenye TV, mtu anaulizwa kuhusu hukumu zake za zamani na wananchi wanaangalia wakiwa na chai yao mkononi. Sisemi sisi tuhojiwe kwenye TV, wengine tungezimia. Nasema maksi tu. Namba na maksi!

Halafu mnashangaa kwanini kila mtu mtaani anaongelea vimemo. Mimi sina ushahidi wa kimemo hata kimoja na sitasema nimeona. Ila kwenye grupu letu, orodha ilipotoka hazikupita dakika kumi watu wakaanza kuchambua majina ya ukoo, huyu baba yake nani, yule si ndugu wa fulani, na kuna mwenzetu aliyepita kihalali kabisa, namfahamu tangu chuo, kichwa haswa, tulikuwa tunamnakili noti, akaanza kutukanwa kwamba kabebwa. Mtoto wa mwalimu wa primary kule Rombo, abebwe na nani? Hana hata cha kuwaonyesha wamwamini. Alitoka kwenye grupu usiku uleule.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Wanaosema "jiajiri, wewe si wakili", asanteni kwa ushauri wa bure. Namba za mawakili kwenye roli, yaani daftari la mawakili, zimeshavuka 10,000 na wengi wetu tunagombania viapo vya shilingi elfu kadhaa pale nje ya mahakama. Mimi nagonga mihuri ya watu wanaoenda kuomba kazi, wengine wanaomba nafasi hizohizo nilizokosa, na nawatakia heri kwa moyo mkunjufu. Lakini uwakili sio sababu ya kunyimwa maksi zangu, ni vitu viwili tofauti.

Anayesema maksi ni siri ya mwajiri: hii ni ofisi ya umma mzee, sio duka la shemeji yako. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, mwananchi anaandika ombi na mwenye taarifa anatakiwa ajibu ndani ya siku 30. Ina vizuizi vyake ndio, lakini sidhani kama maksi zangu za ushahidi na madai ni usalama wa taifa. Na sijaomba maksi za mtu mwingine kwa jina, zibaki namba.

Aliyeuliza kama hata nafasi zenyewe zinahitajika kweli: nenda vijijini uone hakimu mmoja anavyozunguka mahakama mbili za mwanzo, leo huku kesho kule, wananchi wanatembea na mbuzi wa kidhibiti wanaambiwa kesi imeahirishwa. Watu wanahitajika. Ndio maana nataka wapatikane kwa njia ambayo hata aliyekosa anaikubali.

Na wewe uliyeandika "kilaza mwingine anatafuta pa kulilia", inawezekana kweli nimefeli. Nionyeshwe.

Barua yangu ya kuomba karatasi ya majibu na maksi nimeshaiandika, wiki ijayo naipeleka kwa mkono na nakala nitagongewa muhuri wa kupokelewa. Kama kuna mtu humu alishawahi kuomba karatasi yake ya usaili kwa hiyo sheria ya 2016 na akajibiwa, hata kama ni kukataliwa, aweke skrinshoti hapa, majina afute. Na mlioniambia kwenye grupu ninyamaze "nisije nikawekewa alama kwenye sistimu", PM iko wazi, natafuta wa kusaini pamoja nami kwa sababu barua ya mtu mmoja itaishia kwenye droo. Mpaka sasa tuko wanne na mmoja kati yetu alipita.