Nimemaliza masta ya sosho weki San Diego, naanzia wapi kupata namba ya ASW?

BintiWaUjiji

Habari zenu wapendwa, naombeni mnisaidie maana nimesoma tovuti ya bodi ya leseni ya California mpaka macho yanauma na bado sijaelewa. Nimemaliza masta ya sosho weki hapa San Diego mwezi wa tano, chuo kinatambuliwa na CSWE, baraza la elimu ya sosho weki Marekani, kwa hiyo hapo niko sawa. Digrii ya kwanza nilisoma Bongo, Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, nikafanya kazi mwaka na nusu kama afisa ustawi wa jamii wilayani kabla sijaja huku. Nikifika hapa nikawa mkalimani wa Kiswahili kliniki karibu miaka miwili huku nasoma.

Lengo langu ni LCSW, leseni ya sosho weka wa kliniki, niweze kukaa na mtu kwenye tiba mimi mwenyewe. Naambiwa lazima kwanza nijisajili kama asosieti, ASW, yaani mwenye usajili ila bado hana leseni, nifanye kazi chini ya msimamizi mpaka masaa yatimie. Sasa maswali. Masaa yangu ya Tanzania na ya ukalimani yanahesabiwa? Mtihani nafanya kabla ya kuanza au baadae? Na kubwa zaidi, kuna taasisi hapa City Heights inataka nianze Jumatatu, kaunselingi na akina mama Wakongomani na Wabantu wa Kisomali, wengi wanaongea Kiswahili, kazi ambayo nimeiota, ila wanalipa kwa 1099, fomu ya kodi ya wasioajiriwa. Kuna na mama mmoja mwenye ofisi yake binafsi ya tiba naye ananihitaji haraka. Nichukue ipi? Naogopa kukosa zote.

dada_mlezi

Mdogo wangu hongera sana kwanza. Mimi ni LCSW Sacramento na nasimamia asosieti wanne, kwa hiyo haya ndo mambo ninayoyashika kila wiki.

Kabla ya kazi yoyote angalia transkripti yako, tafuta tarehe digrii iliyotolewa rasmi, sio siku uliyovaa joho ukapiga picha na familia, hizo tarehe mara nyingi hazifanani. Kuanzia tarehe hiyo una siku 90 maombi yako ya ASW yawe yamefika bodi, yaani BBS (Board of Behavioral Sciences). Ukiwahi, masaa utakayofanya kuanzia siku ya digrii mpaka namba itoke yanaweza kuhesabiwa. Ukichelewa hata siku moja, masaa yanaanza kuhesabiwa siku namba ilipotolewa na kila ulichofanya katikati ni sadaka. Tuandikie tarehe yako tukupigie hesabu.

Lakini hizo siku 90 zina sharti ambalo watu hawalisomi. Mwajiri lazima awe amekutaka upige alama za vidole, Live Scan, KABLA hujaanza kufanya masaa, na wewe ubaki na nakala ya fomu iliyogongwa. Sheria hii ipo tangu Januari 2020. Kwa hiyo hiyo taasisi ikikuambia anza Jumatatu alama za vidole tutaona mbele ya safari, usianze. Na jua kuna Live Scan ya mwajiri na kuna nyingine ya maombi yako ya bodi, usije ukadhani moja inafanya kazi ya zote mbili.

Ofisi binafsi sahau kwa sasa. Mpaka namba ya ASW iwe imetoka hauruhusiwi kufanya kazi kwenye ofisi binafsi, hata kwa kujitolea, na hizo siku 90 hazikuokoi hapo.

Na 1099, mwanangu, hapana kabisa. Asosieti California ni mwajiriwa wa W-2, yule anayekatwa kodi kwenye mshahara, au ni mtu anayejitolea, basi. 1099 maana yake wewe ni mkandarasi unayejitegemea, na mtu anayejitegemea anawezaje kuwa chini ya msimamizi? Utafanya kazi mwaka mzima, utalia na wale akina mama, utaandika ripoti usiku, halafu siku ya kuhesabu unaambiwa sifuri. Rudi kwa hiyo taasisi uwaambie kwa heshima kwamba unaitaka kazi ila kwa W-2. Mara nyingi sio ubaya wao, taasisi ndogo za wakimbizi zimezoea kuwalipa wakalimani kwa 1099 na wanadhani wewe ni hivyohivyo.

Masaa ya Tanzania hayaingii, ulikuwa hujapata masta. Fildi ya masta nayo haiingii. Ukalimani sio kazi ya kitabibu kwa macho ya bodi hata kama wewe ndo ulibeba kikao kizima, na najua ulibeba.

Njoro_Oakland

Hiyo ya siku 90 ni ukweli mtupu, na mimi naongeza ya karatasi juu hapo ndipo niliumia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unahitaji masaa 3,000 na yasiwe chini ya wiki 104. Hata ukifanya kazi kama punda bodi inakubali masaa 40 tu kwa wiki, so hakuna venye utamaliza kwa mwaka moja. Ukigawanya ni kama masaa 29 kwa wiki kwa miaka miwili. Kwa hayo 3,000, angalau 2,000 ziwe za kazi ya tiba yenyewe, kumpima mtu, kujua shida yake, kumtibu, na ndani ya hizo 2,000 lazima 750 ziwe umekaa na mteja uso kwa uso kwa tiba ya mmoja mmoja au kikundi. Zile zingine 1,000 ndio kutetea wateja, kupiga simu za nyumba na chakula, semina, utafiti, hizo. Shida ya kazi za wakimbizi ni hapo, mwaka unaisha uko na masaa mengi ya kupeleka mtu ofisi ya serikali na machache ya tiba. Uliza kwa intavyu kabisa, wiki yangu itakuwa na vikao vingapi?

Msimamizi pia kuna hesabu. Angalau masaa 1,700 yawe chini ya LCSW, yanayobaki unaweza simamiwa na saikolojisti au tabibu mwingine mwenye leseni anayekubalika. Kila wiki unayodai masaa lazima muwe mmekutana saa moja nyinyi wawili, ama masaa mawili kwa kikundi, na kikundi kisizidi watu nane. Wiki yenye ulifanya zaidi ya masaa 10 ya tiba sehemu moja, unahitaji kikao kingine juu ya hicho. Na katika zile wiki 104, wiki 52 ziwe za kukutana naye ana kwa ana, sio kikundi, na 13 kati ya hizo ziwe na LCSW.

Sasa story yangu. Kliniki yangu ya kwanza msimamizi alikuwa mzuri sana, mtu wa roho safi, lakini kila nikimpelekea logi ya wiki, ile karatasi ya masaa niliyofanya, anasema ziweke nitasaini zote mwisho wa mwezi. Mwezi ukawa miwili. Nilikuwa naziweka kwa folda ya bluu kwa droo yake. Siku moja nikaingia kazini nikakuta ofisi yake iko tupu, amehamia state ingine juu ya mgonjwa wa familia, na kliniki yenyewe ikafungwa wiki chache baadae. Folda nilikuja kuipata, logi zote ziko ndani, nyeupe, hakuna sahihi hata moja. Nilimtafuta kwa imeili karibu mwaka. Nilipoteza miezi saba. Nilikuwa na mtoto mdogo wakati huo na nilikuwa nimeshapanga hadi tarehe ya mtihani.

So logi isainiwe kila wiki, mkiwa bado mmeketi, kabla hajasimama kwa kiti. Makubaliano ya usimamizi yasainiwe ndani ya siku 60 za kuanza. Na siku yoyote msimamizi anaondoka, ama wewe unaondoka, usitoke kwa mlango bila fomu ya kuthibitisha masaa. Skani, weka kwa simu, weka kwa kompyuta. Hizo karatasi ni zako, si za kliniki.

dada_mlezi

Pole sana Njoro. Na mimi nawaambia wangu hivyohivyo, na huwa naweka kalamu mezani kabla hatujaanza kikao ili isiwe na kisingizio. Ila mwulize msimamizi naye, mdogo wangu, usimwonee haya kwa kuwa ni mkubwa. Leseni ana muda gani? Lazima awe amekuwa nayo angalau miaka miwili katika mitano iliyopita. Mafunzo ya usimamizi amefanya? Masaa 15 kwa anayeanza. Akikasirika kwa swali hilo umeshapata jibu lako.

Mtihani: unaanza kazi bila mtihani, namba inatoka kwanza. Mwaka wa kwanza unakaa mtihani wa sheria na maadili ya California, maswali 75 kwa dakika 90. Ukifeli haufukuzwi, ila usipoukaa kabisa namba haihuishwi. Namba inahuishwa kila mwaka, mara tano, jumla miaka sita, na masaa yenye umri wa zaidi ya miaka sita yanakufa. Mtihani mkubwa wa kliniki wa ASWB, muungano wa bodi za sosho weki, ni mwishoni, ukishamaliza masaa na bodi ikakubali.

mama_wa_Fort_Worth

Naomba niwakumbushe wengine wanaosoma wakiwa sio California, msichukue haya mkayapeleka kwenu kama yalivyo. Mimi Texas huku hakuna kitu kinaitwa asosieti, unakaa kwanza mtihani wa ngazi ya masta unapata LMSW, ndo unaanza masaa 3,000 ya kusimamiwa. Dada yangu yupo Greensboro, North Carolina, yeye ni LCSWA, ndo asosieti wa kwao, nae 3,000, na kila masaa 30 ya kazi ya kliniki saa moja ya usimamizi. Kila jimbo na mlango wake.

Na wale wenye masta ya nyumbani, Nairobi au Dar au Kampala, msikate tamaa, CSWE wana huduma ya kutathmini digrii za nje. Anza mapema, kuipata transkripti iliyofungwa kutoka chuo cha nyumbani ndo kazi kubwa kuliko tathmini yenyewe.

Papa_Fizi

Mi niko San Diego, natumika na familia za kwetu, Wabembe na Wafuliiru na Wanyamulenge, ni miaka mingi sasa. Miye si sosho weka, niko mzazi tu mwenye kusindikiza watu hospitali. Nasema kitu kimoja kwa huyu binti.

Kulikuwa mama mmoja tulienda naye. Daktari akauliza kama iko na huzuni. Mama akasema hapana. Daktari akauliza mara ya pili, hapana. Akaandika hakuna shida. Tukiwa kwa gari mama akaniambia, papa, niko nafikiri sana, usiku mzima niko nafikiri, roho imechoka, sitaki hata kusikia chakula. Nikamuuliza kwa nini haukumwambia daktari? Akasema hakuniuliza kama nafikiri, aliniuliza kama niko na huzuni, huzuni ni ya matanga. Mtu mwenye kusoma kitabu cha tiba na mwenye kusikia neno "kufikiri" vile mama alilisema, kwetu huku hatuna wengi. Binti, ngoja hiyo W-2. Tutakungojea. Usiharibu njia juu ya Jumatatu moja.

BintiWaUjiji

Papa Fizi umenitoa machozi, asante baba yangu. Asanteni wote.

Transkripti inasema tarehe 17 Mei. Nimehesabu kwa vidole nikapata 15 Agosti, leo ni 22 Julai, ina maana zimebaki siku 24. Leo asubuhi nimeenda kule kwenye taasisi nikaongea na mkurugenzi, nimemweleza kuhusu W-2 na Live Scan, hakukasirika hata kidogo, alikuwa hajui kabisa, amesema ataongea na mhasibu na kazi itaningoja mpaka karatasi ziwe sawa. LCSW wanaye, anakuja mara mbili kwa wiki. Nimemuuliza vikao vingapi, amesema kumi na mbili mpaka kumi na tano kwa wiki, kwa hiyo kwa anavyosema Njoro nitahitaji kikao cha pili cha usimamizi, nimemwambia hivyohivyo na ameandika.

Swali la mwisho: wateja nawaambiaje mimi ni nani? Nikisema asosieti kwa Kiswahili hawatanielewa.

dada_mlezi

Tarehe 15 Agosti hesabu yako ni sahihi, lakini inatakiwa wawe wameipokea siku hiyo, posta isikucheleweshe, itume wiki hii.

Kuwaambia ni lazima, sio hiari, kabla ya kikao cha kwanza: kwamba hujapata leseni bado, una usajili, na unasimamiwa na mtu mwenye leseni. Mimi nilikuwa nawaambia wazee hivi: "Nimeshasoma, sasa nipo chini ya mkubwa wangu anayeniangalia kazi, jina lake ni fulani, na mambo yako mengine nitayazungumza naye ili nikusaidie vizuri." Hakuna aliyenikataa kwa hilo. Mwingine aliniambia afadhali, kumbe mko wawili.

Njoro_Oakland

Na kwa ile fomu ya Live Scan, kuna namba ya ATI huwa wanaandika chini. Angalia kama imeandikwa kabla hujatoka hapo kwa mashine. Ikipotea matokeo, hiyo namba ndio watatumia kuyatafuta. Piga picha.

BintiWaUjiji

Nimetoka huko sasa hivi. Dola 49 za serikali na 25 za mwenye mashine. Vidole vyangu viwili vya kulia vilikataa kusoma mara tatu, yule kaka akanipa losheni nikapaka vikakubali. ATI ipo, nimepiga picha mbili na moja nimemtumia mume wangu.