Mkakati wa afya ya msingi unasomwa ukumbini, kituo chetu huku Pemba hakina dawa ya presha

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja, wa Pemba na mlioko ng'ambo.

Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Kituo cha afya cha shehia yetu, huku kaskazini mwa Pemba, hakina dawa ya presha. Si jana wala juzi, ni miezi nenda miezi rudi. Mtu mzima anatoka kwake na jua lile, anapimwa, anaambiwa presha iko juu, anaandikiwa dawa, halafu anaambiwa dawa hakuna, akanunue mjini. Anarudi nyumbani na kikaratasi. Kwa wengi kikaratasi hicho kinakaa chini ya godoro mpaka kinachakaa, kwa sababu nauli na pesa ya dawa hazipatikani wiki moja.

Na wakati huo huo tunasikia redioni wakubwa wamekutana kutathmini utekelezaji wa mkakati wa huduma za afya ya msingi. Utekelezaji gani, na umetekelezwa wapi? Njooni muuone huku.

Zanzibar si nchi ya kufundishwa jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 tuliambiwa matibabu ni bure. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji wa Usovieti ya wakati ule, yakakubaliana kuwa afya ianzie pale mtu anapoishi na anapofanya kazi, yakaibeba ahadi ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Sisi tulijenga vituo kweli, na leo sehemu kubwa ya watu wa visiwa hivi hawaishi zaidi ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya. Kuna nchi nyingi Afrika zinalitamani hilo. Kwa hivyo umbali sio ugonjwa wetu. Ugonjwa wetu ni kile unachokikuta ukishafika.

Mama yangu mdogo alikuwa mgonjwa wa presha anayejulikana kituoni, daftari lake lipo hadi leo. Dawa zilipokosekana akawa ananunua anapojaaliwa, na akiona zinakaribia kwisha anameza leo, anaruka kesho na keshokutwa. Presha haiumi, haimkumbushi mtu. Akaanguka jikoni, upande wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Hivi sasa anaogeshwa na binti yake, ambaye kaacha cherehani yake ili akae naye. Na dawa aliyoikosa ni kidonge cha kila siku ambacho kimo katika orodha ya dawa muhimu, dawa ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu alichofanyiwa baada ya kuanguka. Gari la kumpeleka hospitali, kitanda, picha ya kichwa, dripu, mazoezi ya viungo, mtoto wa kike aliyekatishwa riziki yake: yote haya yamelipwa, mengine na Serikali, mengine na sisi. Nani anayepiga hesabu hii na kuona kwamba ni nafuu kutonunua vidonge?

Asije mtu kuniambia kwamba vituo vidogo haviwezi. Malaria hapa kwetu ilishushwa hadi chini ya asilimia 1, na ilishushwa kwa kutumia vituo hivi hivi. Kipimo cha haraka cha tone la damu kilikuwepo, dawa ya mseto ilikuwepo, vyandarua viligawiwa, nyumba zilipigwa dawa, na kila mgonjwa aliyegundulika taarifa yake ilikwenda wilayani kwa simu, ofisa akaja mpaka nyumbani kuwapima na wengine. Muuguzi ni yule yule, jengo ni lile lile. Iliwezekana kwa sababu vifaa vilifika, pikipiki ya ofisa ilikuwa na mafuta, na kila ngazi iliulizwa takwimu zake. Malaria ilikuwa na wafadhili wa kuuliza. Presha na sukari hazina wa kuuliza, ndiyo maana zimeachwa zituue polepole.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tunajua namna ya kufanya, tumeshafanya, tena dunia ikaja kujifunza kwetu.

Sasa nije kwenye hospitali mpya. Sizikatai, Mungu awalipe waliozijenga. Hospitali 10 za wilaya na ile ya mkoa pale Lumumba, mjini Unguja, zilizotokana na fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19, ni kazi inayoonekana, na mama mwenye uchungu uliokwama anahitaji chumba cha upasuaji karibu. Lakini hospitali haiwezi kufanya kazi ya kituo. Shirika la Afya Duniani linasema sehemu kubwa mno ya huduma za lazima, kiasi cha asilimia 90, zinaweza kutolewa katika ngazi ya msingi. Ukiinyima dawa ngazi hiyo, mtu wa kikohozi, mtu wa presha na mtoto wa kuharisha wote wanapanda daladala kwenda hospitali, wanajaa barazani tangu alfajiri, halafu daktari analaumiwa kwamba hana subira na wagonjwa. Umejenga ghorofa ukaacha ngazi ya chini imevunjika. Na wananchi wanatukanwa kwamba wao ndio wanaoruka kituo! Nani ataacha kukiruka kituo ambacho kila akienda anaambiwa kanunue?

Wajitoleaji wa afya ya jamii nao nawasemea, maana wao hawana pa kusemea. Mpango wa Jamii ni Afya umefika wilaya zote 11, na kwa kweli ni jambo zuri. Dada yetu wa shehia anakuja na simu yake, anamwandikisha mjamzito, anauliza dalili za hatari, anamwangalia mtoto wa chini ya miaka mitano, anatoa rufaa kwenda kituoni. Anatembea kwa miguu kwenye matope ya masika, kwa posho isiyofanana na kazi. Anamshawishi mama mpaka anakubali, mama anakwenda, anakuta mlango umefungwa au anaambiwa kifaa cha kupimia damu kimeharibika. Wiki inayofuata mjitoleaji anarudi nyumba ile ile na anatazamwa kama mwongo. Heshima yake mnaivunja nyinyi mlioko juu, wala si yeye. Na tusisahau kwamba Mkakati wa Afya ya Jamii wa 2019 hadi 2025 uliwatwika hawa watu mzigo mkubwa.

Kuhusu saa za kazi za kituo sitasema mengi. Kituo kinafungwa alasiri, muuguzi anakaa mbali kwa sababu nyumba ya mfanyakazi haikaliki, na homa ya mtoto hupanda usiku. Kila mtu hapa anajua maana yake.

Watakuja watu hapa chini waseme lawama ziende Dodoma. Haziendi. Afya si jambo la Muungano. Tuna Wizara yetu, bajeti yetu, Baraza letu la Wawakilishi na bohari yetu ya dawa. Wengine watasema subiri, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima ya afya, umeshaanza. Umeanza na watumishi wa umma, na mimi naunga mkono wazo la kuchangiana. Ila mvuvi wa Msuka na mchumaji karafuu wa Mtambwe hawana mshahara wa kukatwa, na hata wakipewa kadi kesho, kadi haimezwi. Lazima dawa iwepo kwenye rafu.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila kituo kibandike mlangoni, kila mwezi, orodha ya dawa zilizoagizwa, zilizofika na zilizokosekana, ili sheha na kamati ya afya ya kituo waione na wamuulize mhusika kwa jina la cheo chake. Dawa za presha na sukari zihesabiwe kwa ukali ule ule uliotumika kuhesabu dawa za malaria. Posho ya wajitoleaji itoke kwenye bajeti ya Serikali, isingoje mradi. Na mkakati mpya ukiandikwa, rasimu iletwe isomwe barazani kwetu kabla haijapigwa chapa, tuseme wenyewe kipi hakiwezekani na kwa sababu gani.

Naomba mlioko Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza, Tumbatu na kwengineko muandike hapa chini: kituo chenu kina dawa gani wiki hii na kimekosa zipi, na kinafungwa saa ngapi. Msitaje jina la muuguzi wala daktari, wengi wao wanahangaika kama sisi. Tajeni shehia na dawa. Nitayakusanya yote nimpelekee mwakilishi wetu wa jimbo kwa maandishi, na jibu lake nitaliweka hapa hapa, liwe zuri au baya.