Deskitopu iko chumba cha nyuma, nivute waya au nibaki na waifai?

kibodi_kavu
Wakuu habari zenu. Deskitopu yangu iko chumba cha nyuma, ruta iko sebuleni, katikati kuna kuta mbili za tofali. Natumia ile adapta ndogo ya waifai ya USB, nimeichomeka nyuma ya kompyuta. Kinachonichanganya ni kwamba nikipima spidi napata hadi mega 60 na kudaunlodi kunaenda vizuri tu, ila nikiingia kikao cha video sauti inakatikakatika, sura zinaganda, na gemu ndo usiseme, mtu keshanipiga risasi ndo namuona anatokea kwenye kona. Jamaa mmoja ananambia vuta waya uachane na presha, mwingine anasema waya mambo ya kizamani. Nyumba yenyewe ya kupanga kwa hiyo kutoboa ukuta ni kesi. Mnanishaurije?

mzee_wa_ruta
Waya. Deskitopu haihami, unaihangaishia waifai ya nini?
Halafu hicho kipimo cha spidi kisikudanganye, kinakuonyesha mzigo kiasi gani unapita kwa sekunde, hakikwambii kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inachelewa kiasi gani njiani. Waifai mnagawana hewa, kwenye chaneli moja anaongea mmoja wengine wanasubiri zamu, na pakiti ikiharibika inatumwa upya. Ukiwa unadaunlodi huwezi kuliona hilo, ila kikao cha video na gemu havisubiri mtu. Kwenye waya njia ni yako peke yako, unatuma na kupokea kwa wakati mmoja, na kutoka kwako mpaka kwenye ruta ni kama milisekunde 1 au chini ya hapo, na imetulia.

sina_haraka
Mzee umesema kweli ila taratibu bwana, mtu hajajua tatizo liko wapi tayari unamnunulisha kebo 😂
Mtoa mada, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ping (amri ya kupima jibu linachukua milisekunde ngapi kurudi) halafu anwani ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, icheki kwenye stika chini ya ruta. Kama ni Windows malizia na -t ili isisimame, iache iende huku uko kwenye kikao. Namba zikirukaruka ujue ni waifai yako. Zikitulia na kikao bado kinaganda basi tatizo liko huko nje kwa anayekuuzia intaneti, hapo hata uvute waya wa dhahabu hausaidii kitu.

kibodi_kavu
Nimefanya mkuu. 4, 5, 4, halafu ghafla 180, 240, inarudi 6, na kuna mistari haina jibu kabisa. Yaani hapo hata nje ya nyumba sijatoka!

antena_juu
Basi mchawi ni waifai. Ila kabla hujatoa hela jaribu vya bure kwanza. Hiyo adapta ukiichomeka nyuma, kasha la chuma la kompyuta lenyewe linaikinga na ruta, na kama umeiweka kwenye tundu la USB 3 ndo umejimaliza, maana USB 3 inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz hasa kukiwa na diski ya nje imechomekwa pembeni. Tafuta kebo ya USB ya kuongezea urefu, itoe adapta uiweke juu ya meza upande wa mlango. Pia angalia uko masafa gani. 2.4 inapenya ukuta vizuri lakini humo ndo kuna majirani wote, bluetooth, maikrowevu, na chaneli zisizogongana ni 3 tu, 1, 6 na 11. 5 GHz ina nafasi zaidi ila kuta zinaichosha haraka. Mimi nacheza gemu kwa waifai freshi kabisa, lakini nilipokaa ruta naiona kwa macho.

mzee_wa_ruta
Sawa, na akimaliza yote hayo bado yuko hewani.
Nyumba ya kupanga siyo kisingizio. Chukua kebo bapa, ipitishe kwenye kona ya ukuta na sakafu, chini ya mlango inapita bila kutoboa kitu. Urefu usikutishe, mpaka mita 100 iko poa. Kebo ya daraja la Cat 5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde, usikubali kuuziwa Cat 8 ya nini sasa. Hakikisha tu ni shaba tupu, ile alumini iliyopakwa shaba inakatika kirahisi ukiikunjakunja. Ukishachomeka cheki kompyuta inasoma spidi ngapi, kama inasoma megabiti 100 wakati vifaa vyote ni vya gigabiti basi karibu kila mara kuna uzi haujashika, 100 inatumia nyuzi 4 tu ila gigabiti inataka zote 8.

kibodi_kavu
Nimeitoa adapta nikaiweka mezani, kweli kurukaruka kumepungua, kikao cha leo nimesikia watu, ila gemu bado. Nimepima na kamba kufuata kona zote inakuja mita 18. Au nichukue vile vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme?

sina_haraka
Hivyo ni bahati nasibu, inategemea nyaya za nyumba zikoje, na ukichomeka kwenye ekstensheni badala ya soketi ya ukutani spidi inaporomoka. Kama kebo inafika chukua kebo. Ila agiza ya mita 25 siyo 20, kona zinakula waya na hutaki iwe imekaza pale mlangoni.