Akina Juma mliomo humu, tukutane hapa tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Jina langu la mwisho ni Juma na leo nimeona niseme.

Juzi nipo kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine bahasha yenye majina yangu matatu. Konda akachungulia. "Juma! Wewe ndugu yake yule Jaji Mkuu aliyestaafu?" Nikamjibu ningekuwa nduguye nisingekuwa hapa nakanyagwa na mama mwenye ndoo ya dagaa.

Anayemsema ni Profesa Ibrahim Hamis Juma, mwalimu wa sheria wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekaimu ujaji mkuu Januari 2017, akathibitishwa Septemba mwaka huohuo, akastaafu 2025. Miaka yote hiyo kila dirisha la ofisi nililosimama nimeulizwa swali hilo. Marehemu mzee wangu naye alikuwa akiulizwa habari za Dkt. Omar Ali Juma, Makamu wa Rais tangu 1995 hadi umauti ulipomkuta Julai 2001. Mzee wangu ni wa Ujiji, Dkt. Omar ni wa Pemba. Sisi tuna ziwa, wao wana bahari.

Watu hawataki kuelewa kwamba Juma si ukoo. Wachaga wakisema Massawe kuna kihamba, shamba la ukoo, nyuma yake. Mimi nyuma yangu kuna babu aliyezaliwa Ijumaa, basi. Kwetu jina la tatu ni la babu, na mwanangu akifuata utaratibu atalibwaga. Halafu mtazameni Jaji vizuri: Hamis, Juma. Alhamisi, Ijumaa. Ana siku mbili za wiki mfululizo.

Haya, jina limekubeba au limekuponza? Wakenya mpo?

Bint Chake: Mie nipo. Mwaka ule Dkt. Omar alipofariki nilikuwa nasoma bweni Unguja. Tumo darasani, naitwa ofisini. Namkuta mwalimu mkuu kasimama, uso umemshuka, akanipa mkono: "Pole sana mwanangu, Mungu amlaze pema." Nikataka kusema simjui, tunasikia tu kwamba kabla ya siasa alikuwa daktari wa mifugo, na kwamba alikuwa Waziri Kiongozi wetu toka 1988. Lakini mwalimu alishaanza kuandika ruhusa. Siku tatu! Mtoto wa bweni ukipewa siku tatu huulizi. Nikapanda meli. Nafika nyumbani, mama kashika kifua: "Kafa nani?" Nikamwambia Makamu wa Rais. Alinitazama… alinitazama… kisha akaniambia ingia jikoni, mbaazi zinaungua.

Mwana wa Budalangi: Wakenya tupo. Nyinyi mnaongea kama Juma ni jina la Waislamu peke yao. Kwetu Busia Juma wamejaa kanisani, wengine wanaimba kwaya. Yule profesa wetu Calestous Juma alizaliwa Port Victoria mwaka 1953, akawa katibu mtendaji wa kwanza wa kudumu wa Mkataba wa Bioanuwai, kisha akafundisha Harvard mpaka kifo chake Desemba 2017. Chuoni, mhadhiri wangu akisoma orodha na kufika kwangu alikuwa anatua: "Juma. Wa Harvard?" Darasa linacheka. Ilibidi nikasome kitabu chake cha 2016 cha uvumbuzi na maadui zake, nisiaibike. Nilichokumbuka kuliko vyote ni vita ya wauza siagi dhidi ya majarini. Na tusimsahau Balozi Monica Juma, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 2018, kisha akapelekwa Ulinzi.

Sasa kisa changu. Nilihamia Eastleigh kwenye chumba cha kupanga. Ramadhani ikaingia. Mama mwenye nyumba, akijua tu mpangaji wake ni Juma, jioni ya kwanza akabisha mlango na sinia: sambusa, tende, uji wa pilipili manga. Nilifungua mdomo niseme mimi ni Mkatoliki, harufu ya sambusa ikaniwahi. Nikasema ahsante. Siku thelathini, ndugu zangu. Mchana nilikuwa napikia stima, mlango nimefunga, dirisha nimefunga, ili harufu ya mayai isitoke. Idd ilipofika nikanunua kilo mbili za sukari nikampelekea, nikaungama. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza, aliona rozari kwenye kamba ya nguo.

Mzee wa Riadha: Mmemwachaje Juma Ikangaa, mwanariadha wetu wa marathoni? Boston 1988 kapitwa na Ibrahim Hussein kwa sekunde MOJA. 1989 wa pili tena, 1990 wa pili tena. Ila New York 1989 alichukua, 2:08:01.

Mwanzisha mada: Mzee, huyo Juma ni jina lake la kwanza. Hapa tunazungumzia la mwisho.

Mzee wa Riadha: Kwa hiyo mimi Juma Hassan Juma nakaa wapi?

Mwanzisha mada: Wewe kaa mbele na nyuma.

Fundi Magari: Mimi limeniponza. Mimi ni Hamisi Ali Juma. Mkopeshaji mmoja alinipigia miezi miwili mfululizo nilipe marejesho ya pikipiki. Sijawahi kumiliki hata baiskeli. Nikaenda mwenyewe, dada wa dirishani akageuza skrini nikaona: akina Hamisi Ali Juma tulikuwa watano, wawili wamezaliwa mwaka mmoja. Akauliza jina la mama. Nikalitaja, akafuta namba yangu hapohapo. Majina yote matatu ya kiume hayakunisaidia, kaniokoa mama ambaye hata kwenye kitambulisho simtaji.

Nipo Maskati: Huku jina la mwisho ni la kabila. Nikisema Juma naulizwa, "Sawa, Juma wa kina nani?" Nikirudia Juma, wanadhani sijasikia swali. Kazini kuna Mmisri anaitwa Gomaa, nikamwona mgeni kabisa mpaka alipoandika kwa Kiarabu: ni Juma huyuhuyu, wao herufi jimu wanaitamka "ga". Kama Ali Gomaa, aliyekuwa Mufti wao 2003 mpaka 2013. Tokea siku hiyo tunaitana ndugu, na wenzetu wanaamini.

Bint Chake: Mwanzisha mada, wewe mwanao umempa jina gani?

Mwanzisha mada: Usiniulize. Kazaliwa Alhamisi saa tano usiku. Nesi kaandika Alhamisi, nami nikasema basi ni Hamisi. Mama yangu akakataa katakata: magharibi ilishaingia, ule ni usiku wa kuamkia Ijumaa, huyo ni Juma. Mke wangu anataka Brayan. Mtoto ana wiki tatu sasa, tunamwita "huyu".