Tuna dola 700 za kusaidia redio ya kartie (mtaa), tuzipeleke wapi?

Mama Uniti, Majengo (Goma)

Jambo kwenu. Nauza uniti za simu, nachajisha simu na kutoa pesa za M-Pesa hapa Majengo, kwa hiyo maneno ya mji yote yanapita mezani kwangu, ya kweli na ya uongo. Watoto wa baba mkubwa walioko Brussels na Kampala wamechanga dola 700. Wanataka zisaidie redio ndogo tunayoisikiliza nyumbani, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kuzifikisha.

Sababu ni Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ilitema moto tarehe 22, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. WhatsApp ilijaa: gesi itatoka Ziwa Kivu tufe wote, mwingine naye, laleni, hakuna kitu. Asubuhi ya tarehe 27 redio ikasoma kartie kumi zinazotakiwa kuhama, moja moja, kwa Kiswahili chetu, kisha ikarudia. Majengo ilikuwemo. Nilibeba mtoto na godoro, tukashika njia ya Sake. Msichana aliyesoma orodha ile bado yuko redioni. Nasikia huu ni mwezi wa nne hajalipwa.

Sasa yule wa Brussels anataka tununue kamera nzuri, na jina la familia libandikwe mlangoni. Nasita. Redio na kamera wapi na wapi? Na jina mlangoni, kwa Goma ya leo… Nyinyi mnaozijua redio kwa ndani, mngefanya nini?

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mama, kamera waachie wapiga picha wa harusi. Nimefungua mitambo mingi ya FM, na kinachoiua mara nyingi si uzee. Umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, transista za mwisho zinaungua. Redio inanyamaza mwezi mzima kwa kifaa cha ukubwa wa kidole.

Nunueni betri. Piga hesabu nami. Mtambo wa wati 300 unakula karibu wati 500. Betri moja ya volti 12, ampea 200 za saa, inatunza kama wati 2,400 za saa moja, lakini ukiinyonya zaidi ya nusu unaizeesha haraka. Basi betri moja inakupa saa mbili na kidogo, mbili zinakupa karibu tano. Hizo zinatosha habari za asubuhi na za jioni, saa ambazo watu wanasikiliza. Wakipunguza nguvu ya mtambo usiku, wataenda mbali zaidi. Jenereta ni rahisi kununua, ila mafuta yake utayanunua wewe mpaka uchoke.

Waulize kama wana inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida, na paneli za jua. Redio nyingi zina paneli za mradi fulani uliokwisha, betri zake zilishakufa.

Aliyeacha maikrofoni, Himbi

Fundi amesema ya mtambo, mimi niseme ya mtu. Nimekuwa ripota miaka kumi na moja. Unaitwa kwenye semina, unarekodi, mwishoni unapewa bahasha. Sisi tunaiita kupaji. Siku moja bwana wa shirika fulani alinipa dola kumi, akaniambia lile swali langu la mahema ya kambi si la muhimu. Nyumbani hakukuwa na unga. Swali sikulitangaza, na mpaka leo nikipita karibu na ile kambi ya zamani nalikumbuka neno kwa neno.

Kwa hiyo tengeni pesa za pikipiki za ripota. Dola 15 kwa wiki, ili aende mwenyewe kuona, asisubiri gari la anayetaka kutangazwa. Marekani ilipofunga misaada yake mwanzoni mwa 2025, pesa za namna hii ndizo zilizokauka haraka.

Jina mlangoni, hapana. Waandishi wa habari Serge Maheshe, Juni 2007, na Didace Namujimbo, Novemba 2008, waliuawa kwa risasi Bukavu. Wote wawili walikuwa wa Redio Okapi, yenye Umoja wa Mataifa nyuma yake. Redio ya kartie ina nani? Muulizeni kwanza yule dada kama anataka hata ijulikane kwamba mmewasaidia. Na pesa zisiingie kwenye simu ya mkurugenzi peke yake. Watu wawili wahesabu, wasaini.

Kijana wa Ndosho

Na siku wakiwasema ndugu zenu, mtaendelea kutoa? Kila anayesaidia redio hapa huishia kuwa mwenye redio.

Mama Uniti, Majengo (Goma)

Mdogo wangu, wameshanisema. Benki zilipofungwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, watu wote walikuja kwetu kutafuta pesa mkononi. Redio hiyohiyo ikatangaza kwamba sisi wa vioski vya Majengo tunakata komisyoni ya kupita kiasi. Hawakutaja jina langu, lakini wateja walinitazama kwa jicho moja, na wiki nzima sikuifungua redio hiyo. Ila tulikuwa tunakata kweli. Hata mimi. Nilishusha.

Nimeulizia bei madukani kule Birere. Betri mbili zinataka dola 440. Inveta wanayo, paneli pia, kama Fundi alivyobashiri. Zinabaki 260, ambazo kwa dola 15 ni wiki kumi na saba za pikipiki. Mhasibu wao na yule dada watasaini pamoja. Dada mwenyewe amesema jina lisiwekwe popote.

Brussels amenuna, kisha amekubali. Anaomba angalau picha ya betri, awaonyeshe waliochanga.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mpe picha. Zipige picha ukutani kwako kabla hujazipeleka, si pale redioni. Na kama ni betri za kuongezwa maji, waambie waangalie maji kila mwezi, waongeze yaliyotoneshwa (maji ya betri), si ya ziwa.